Makala ya mwanafunzi ikikwama Wikipedia: soma dalili, tafuta sababu

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, lakini wanaoipitia kila siku ili kusahihisha, kuunganisha na kufuta ni watu wachache wanaojitolea. Mwalimu au kiongozi wa klabu anayeleta wanafunzi thelathini kwa mpigo huwapa watu hao kazi ya wiki nzima katika alasiri moja. Ndiyo maana mwongozo huu unamlenga zaidi anayewaongoza kuliko wanafunzi wenyewe. Mwanafunzi anaona makala yake imekwama tu. Wewe ndiwe unayeweza kujua kwa nini.

Siku ya kwanza kila tatizo litaonekana kuwa la vitufe: hapabonyezeki, haionekani, imetoa maandishi mekundu. Matatizo ya namna hiyo yapo, na ninaanza nayo kwa sababu ndiyo yanayovuruga ratiba. Ila yaliyo mazito, yale yanayofanya kazi ya mtu ifutwe na mwenyewe akate tamaa, karibu yote yana asili moja: mwanafunzi alianza kuandika kabla hajasoma.

Akaunti hazifunguki

Sita wa kwanza wamejisajili vizuri, wa saba anakataliwa. Hakuna aliyekosea. Mfumo unaruhusu akaunti sita tu kwa saa 24 kutoka anwani moja ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti), na maabara nzima ya chuo mara nyingi hutumia anwani moja kutoka nje. Dawa nyepesi ni kila mtu ajisajili nyumbani kwa bando la simu yake, siku kadhaa kabla. Kama ni lazima wajisajili chuoni, kikomo hicho kinaweza kulegezwa kwa siku maalumu, lakini ombi lipelekwe mapema kwa mafundi wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, si asubuhi ya tukio.

Dalili inayofanana na hiyo: akaunti ipo, ila mtu akibonyeza "Hariri" anaambiwa anwani yake imezuiwa. Muulize kwanza kama ana VPN kwenye simu, yaani programu inayoficha anwani halisi ya mtumiaji. Wengi wanayo na wameshaisahau, na Wikipedia huzuia anwani za aina hiyo kwa kuwa waharibifu hujificha humo. Kama hana, huenda mtandao wake wa simu unampa anwani inayotumiwa na watu wengi, na mmoja wao aliharibu kitu mahali fulani. Abadilishe mtandao. Ikishindikana, aombe akaunti yake iruhusiwe kupita zuio hilo. Ruhusa hiyo ipo na hutolewa kwa mtu mmoja mmoja.

Kila mmoja aweke baruapepe wakati wa kujisajili, la sivyo siku akisahau nywila hana njia ya kurudi. Tena akaunti ni ya mtu mmoja. Jina la klabu au la chuo halifai kuwa jina la mtumiaji.

Makala ilikuwepo jana, leo haipo

Msiirudishe kwanza. Fungua ukurasa uleule wa makala iliyofutwa na utakuta pameandikwa nani aliifuta, lini na kwa nini. Kama haijafutwa bado ila ina kigezo cha kufutwa juu yake (kigezo ni kisanduku cha tangazo kinachobandikwa kwenye makala), nafasi ipo: soma sababu iliyotolewa, kisha nenda kwenye mjadala wa ufutaji useme unachokusudia kurekebisha na lini. Mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kufuta makala na kuzuia watumiaji, akiona mtu anashughulikia, mara nyingi husubiri.

Sababu ya kwanza kuichunguza ni kunakili. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba kilicho wazi mtandaoni ni mali ya wote. Habari ya gazeti, historia fupi kwenye tovuti ya halmashauri, wasifu kwenye ukurasa wa chama: vyote vina mwenyewe. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, ambayo humruhusu yeyote kuyatumia tena, hata kuyauza, ilimradi ataje yalikotoka na kuyatoa kwa masharti hayohayo. Huwezi kutoa ruhusa kama hiyo kwa maneno ya mtu mwingine. Kubadilisha neno hapa na pale hakuponyi kitu, na aya ya namna hiyo huandikwa upya yote.

Sababu ya pili ni mada yenyewe. Mwanafunzi ameandika juu ya kikundi chake cha muziki, kampuni ya kaka yake, au mchungaji wa kanisa lao. Swali la kumuuliza ni moja: je, watu wasio na uhusiano na mhusika wamemwandika kwa kirefu, katika kitabu au chombo chenye wahariri? Kama hakuna, makala haina pa kusimama hata ikiandikwa kwa ufundi gani, na ni heri umwambie hivyo kabla hajapoteza jioni nzima.

Sababu ya tatu haina lawama kubwa: makala ilikuwepo tayari kwa jina lingine. Aliyetafuta Iran hakutafuta Uajemi. Aliyetafuta Bukini hakutafuta Madagaska. Tafuteni kwa majina yote mnayoyajua, na alichokiandika kihamishiwe kwenye makala iliyotangulia.

Kila sentensi inasomeka, makala yote haieleweki

Hii ndiyo dalili inayowachosha wakabidhi kuliko zote. Mwanafunzi amechukua makala ya Kiingereza, ameipitisha kwenye programu ya tafsiri, amesahihisha herufi kubwa, amehifadhi. Ngeli zinagongana: mji "ulijengwa", mstari wa pili mji huohuo "lilikua". Mto una "mdomo". Jiji "ni nyumbani kwa" wakazi kadhaa. Kila aya ina "yeye", kana kwamba vitenzi vyetu havibebi nafsi ndani yake.

Uzito wa Kiswahili ni nusu ya ubaya tu. Nusu nyingine ni kwamba habari yenyewe huharibika. Nimeona wasifu unaosema mtu fulani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, "kisha aliendelea kuwa waziri". Msomaji anaelewa alikuwa waziri tangu mwanzo. Chanzo kilimaanisha alikuja kuwa waziri baadaye. Hapo kosa si la lugha peke yake. Sentensi inatangaza jambo ambalo halikutokea, na mtoto wa shule ataliandika kwenye daftari lake.

Ukitaka kujua kama ndiyo sababu, mwombe mwanafunzi aisome makala kwa sauti mbele ya mwenzake ambaye hajaiona ile ya Kiingereza. Mwenzake akiuliza "una maana gani?" zaidi ya mara mbili tatu, mmeshapata jibu.

Dawa yake inauma: afunge makala ya Kiingereza kabisa. Aandike kwa maneno yake mambo manne au matano aliyoyaelewa, kana kwamba anamweleza mdogo wake, kisha aifungue tena ili kuhakikisha majina, tarehe na idadi. Atapata makala fupi sana kuliko ile ya kwanza, na hilo halina aibu. Mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia, ya sentensi tano zilizonyooka ina faida kwa msomaji. Kurasa kumi za tafsiri ya kompyuta hazina, na mtu wa kuzinyoosha hayupo.

Kutafsiri makala ya lugha nyingine kunaruhusiwa. Mwanafunzi aandike tu kwenye muhtasari wa hariri (kisanduku cha maelezo mafupi kinachojazwa wakati wa kuhifadhi) kwamba ametafsiri kutoka Wikipedia ipi na makala ipi, kwa maana wale walioiandika mwanzo wana haki ya kutajwa. Na tanbihi za makala ile asizihamishe kwa imani. Azifungue.

Tanbihi zipo, lakini hazisemi kilichoandikwa

Tuondoe kwanza lililo jepesi. Mhariri mpya akiweka kiungo cha nje, mfumo huweza kumpa jaribio dogo la kuthibitisha kwamba yeye si roboti, kama vile kuandika herufi zilizopinda, kabla ya kuhifadhi. Wengi hudhani wamekatazwa, wanafunga ukurasa na kazi inapotea. Waambie mapema kwamba hilo ni jambo la kawaida.

Sasa lililo zito. Bonyeza tanbihi tatu za makala yoyote ya mwanafunzi. Utakuta moja inakwenda kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti, si kwenye habari yenyewe. Nyingine inazungumzia mada hiyohiyo kwa jumla bila kutaja tarehe iliyoandikwa. Ya tatu ni kitabu chenye jina zuri na mwandishi mwenye jina zuri, ila hakipo katika maktaba yoyote duniani.

Hiyo ya tatu siku hizi karibu kila mara imetungwa na programu ya akili mnemba. Programu hizo huandika rejeo kamili, lenye mwaka na namba za kurasa, kwa kitabu ambacho hakikuwahi kuchapishwa. Kanuni ninayoisisitiza kwa kila kundi ni kwamba hakuna kuweka rejeo ambalo hukulifungua kwa macho yako. Ukikuta rejeo moja la kubuni, chunguza makala nzima, kwa sababu sentensi zilizolizunguka huenda nazo ni za kubuni.

Zile mbili za mwanzo zina sababu nyingine, na ndiyo ile niliyoitaja pale juu. Mwanafunzi ameandika kwanza alichokuwa akikijua au alichokisikia, kisha akaanza kuwinda kitu cha kubandika mwishoni mwa sentensi. Amekuta kinachokaribiana, amekibandika. Hana nia mbaya. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika insha, ambapo hoja ni za mwanafunzi na marejeo ni pambo la ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Katika kikao cha kwanza usiruhusu mtu kubonyeza "Hariri". Kila mmoja aje na karatasi yenye vyanzo viwili na mambo sita, kila jambo na ukurasa lilipotoka. Anayekosa vyanzo viwili abadilishe mada siku hiyo hiyo. Vyanzo vipo zaidi ya wanavyodhani: ripoti za sensa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania na za wenzao wa Kenya, majarida ya vyuo vikuu vya Afrika yaliyokusanywa katika African Journals Online, vitabu vya zamani kwenye Internet Archive, kumbukumbu za magazeti ya Kiswahili, na rafu ya tasnifu katika maktaba ya chuo chenu wenyewe, ambayo wanafunzi wengi huwa hawajaigusa. Mwenye karatasi hiyo anaandika makala kwa saa moja. Asiye nayo atahangaika siku nzima, na kesho makala itafutwa.

Kuna aina moja ya kosa ambayo hata mwanafunzi mwangalifu huangukia: chanzo ni halali na kinasema hivyo hivyo, lakini wakati umekipita. Anaandika kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na rejeo lake ni kitabu cha mwaka 2008. Kitabu kilisema kweli kwa wakati wake. UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, ikayaondoa humo mwaka 2014. Afute maneno "kwa sasa" na "hivi karibuni" kila anapoyaona, aweke mwaka. Vivyo hivyo kwa idadi ya watu: wakazi 61,741,120 wa Tanzania ni hesabu ya sensa ya 2022, na bila mwaka huo namba itageuka uongo kimyakimya.

"Babu yangu ndiye aliyenieleza"

Hili linanigusa kuliko mengine, maana hapa mwanafunzi mara nyingi anasema kweli na bado sentensi yake inaondolewa. Anajua jina la kijiji chao lilitoka wapi. Anajua nani alichimba kisima. Wikipedia inamwambia hapana.

Mweleze sababu kwa heshima. Hakuna anayesema babu ni mwongo. Msomaji wa Goma au Maskat hana njia ya kumfikia babu akamuuliza, na kamusi elezo hukusanya yale tu ambayo msomaji anaweza kuyahakiki. Lakini usiishie hapo, kwa sababu masimulizi ya wazee wetu yamechapishwa zaidi ya tunavyofikiri. Wanahistoria, wanaisimu na wamisionari waliyaandika, na wanafunzi wa shahada za juu wanayarekodi hadi leo katika tasnifu zao. Kazi ya mwanafunzi ni kutafuta ni nani alikwisha kuuliza swali lilelile na kulichapisha.

Akilipata, aliandike kama simulizi na ataje ni la nani. Kilwa inafundisha vizuri. Habari za kale za mji huo zilichapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, na lipo pia toleo la Kiarabu. Zinamtaja Ali bin al-Hasan, mtoto wa mfalme wa Shirazi, kuwa ndiye mwanzilishi wa utawala. Watafiti wengi wa baadaye wanauona mji kuwa ulikua kutoka kwa watu wa pwani wenyewe, huku biashara ya bahari na ndoa vikileta wageni. Mwanafunzi hahitaji kumtangaza mshindi. Aandike "kwa mujibu wa habari za Kilwa", kisha aandike wanachosema watafiti, na tanbihi kwa kila upande. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na alichokiona kinaingia kwa jina lake, kama shahidi mmojawapo.

Na kama hakuna aliyewahi kuchapisha? Basi habari ile haiingii Wikipedia kwa sasa. Mwambie asiitupe: amrekodi babu, aandike makala ya gazeti au ya jarida la chuo, ipite mikononi mwa mhariri. Siku moja mtu mwingine ataitumia kama chanzo.

Wasifu unasomeka kama hotuba ya mazishi

Mpendwa, hodari, asiye na kifani, nguzo ya jamii. Anayempenda mtu wake huandika hivi, na kigezo cha kutoegemea upande kitawekwa juu. Usimwambie apunguze mapenzi. Mwambie aweke tukio mahali pa sifa. Sentensi inayosema Siti binti Saad alikuwa mwimbaji asiye na mfano haimwongezei msomaji kitu. Ile inayosema alizaliwa Fumba, Unguja, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, inamwonyesha ukubwa wake bila kivumishi hata kimoja.

Kwa watu walio hai, uwe mkali. Ugonjwa, kesi, ugomvi wa ndoa: bila chanzo imara vinaondolewa papo hapo, na ni haki.

Mambo madogo yanayoonekana makubwa

Picha imetoweka: ilitolewa Facebook au kwenye matokeo ya utafutaji. Mwanafunzi apige yake, aipandishe Wikimedia Commons, ghala la picha huru linalotumiwa na Wikipedia zote. Soko, daraja, shule, mto, hivi viko karibu naye na havina picha.

Makala haipatikani wala haina kiungo cha lugha nyingine: haikuwekewa jamii (kundi la mada ambamo makala hupangwa), na haikuunganishwa katika Wikidata, hifadhidata inayounganisha makala za lugha mbalimbali. Dakika mbili zinatosha.

Kazi imepotea wakati wa kuhifadhi: wanafunzi wawili walikuwa katika makala moja, ukatokea mgongano wa hariri. Mmoja aandike sehemu ya historia, mwingine jiografia, na wahifadhi mara kwa mara.

Mhariri mkongwe amemwandikia, mwanafunzi amenyamaza

Ujumbe umewekwa kwenye ukurasa wake wa majadiliano: usinakili, weka vyanzo, acha tafsiri ya kompyuta. Mwanafunzi anausoma kama karipio la mkubwa, na kwa malezi yetu mkubwa akikukaripia unanyamaza. Kesho anaendelea kuandika vilevile kwa kuwa hajaelewa vizuri alichoambiwa. Upande wa pili, mkabidhi anaona mtu aliyeonywa, hakujibu, na akarudia. Anamzuia. Wote wawili walikuwa na nia njema.

Fundisha kujibu siku ya kwanza, kabla ya kufundisha tanbihi. Jibu halihitaji urefu: "Asante, ndugu, kwa kunielekeza. Aya ya pili niliitoa kwenye tovuti ya wilaya. Nimeifuta na nitaiandika upya kesho. Rejeo la gazeti linatosha kwa tarehe ya kuzaliwa?" Kisha sahihi, kwa alama nne za mawimbi: ~~~~. Mtu anayejibu hivi huvumiliwa makosa mengi, na mara nyingi mkongwe huyo ndiye atakayemwonyesha mengine ambayo wewe hukuyafikia.

Wewe nawe jitambulishe kwa wakabidhi kabla ya tukio. Waandikie ni nani mnakuja, lini, wangapi, na orodha ya majina ya watumiaji.

Baada ya warsha hakuna aliyerudi

Angalia ulipima nini. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Lilizaa mamia ya makala, lakini walioendelea kuandika baada ya zawadi kugawiwa walikuwa wachache. Anayehesabiwa makala ataleta makala, fupi na nyingi, na siku hesabu inapofungwa hana sababu ya kubaki.

Toa alama kwa kazi ya kurudi: mwanafunzi arejee baada ya wiki mbili kwenye makala aliyoianzisha mwenzake, aongeze chanzo kimoja, arekebishe sentensi tatu. Kisha mpe kata ya kwao. Wikipedia ya Kiswahili ina maelfu ya makala za kata za Tanzania, nyingi zikiwa na jina, wilaya, msimbo wa posta na idadi ya wakazi, basi. Ahakikishe namba ya sensa imefika ya 2022, kisha atafute chanzo kimoja kilichochapishwa kuhusu mto, soko au shule ya hapo, na aanze na sentensi hiyo.